Bolti ya Kati

Vijana wangu watatu wa gereji, amahoro. Mwezi haujaisha tangu niwakabidhi funguo, na mlinisihi niandike niliyoyaona kazini kabla kichwa changu nacho hakijaanza kuvuja. Nimeandika. Lakini nina swali moja, nalo nalitanguliza: nani kati yenu alikaza bolti ya kati ya lile pikapu jeupe nililolifunga siku yangu ya mwisho? Msinijibu kwa simu. Someni kwanza hadi mwisho, ndipo mtaelewa kwa nini mtu mzima mwenye ndevu nyeupe anahangaishwa na bolti ambayo yeyote angeweza kuikaza.

Habari za mishahara na vyeo mtaniwia radhi, nimeziruka. Gereji ina vyeo viwili tu: anayelala chini ya gari na anayemshikia tochi. Nimekuwa vyote viwili, na yule mwenye tochi ndiye anayetukanwa zaidi.

Nilianza kazi Minago, si hapa Rumonge mjini mnaponijua. Nilikuwa nimeshatoka ujana wa kuchezacheza, mtoto wa fundi cherehani, na nilichagua magari kwa sababu nilimwona baba akigombana na wateja kila Ijumaa kuhusu kanzu zilizobana. Nikadhani gari halina maneno. Gereji ilikuwa ya Mzee Rajabu. Uzee wake ulikuwa wa heshima tu, hakuwa amenizidi sana kwa umri. Ilikuwa kibanda cha mabati kati ya barabara na ziwa, nyuma yake michikichi, na katikati yake shimo la kuingilia chini ya gari. Shimo lile lilichimbwa karibu mno na maji. Kila asubuhi tulikuta maji yamejaa hadi magotini, maji safi, yametulia. Tulikuwa tunayachota kwa debe, na asubuhi inayofuata yanakuwa yamerudi.

“Ziwa inakuja kutazama kazi yetu,” Rajabu aliniambia siku ya kwanza. “Ukifunga vibaya, itajua.”

Nilicheka. Yeye hakucheka, akanipa kifuniko cha valvu cha lori, kile kifuniko kirefu kinachokaa juu kabisa ya injini, akaniambia nikisafishe na nisiguse kitu kingine chochote. Nilichukua bisibisi nikaanza kukwangua gasketi kuukuu, ule utepe wa kuzibia mafuta. Aliponirudia alipitisha kidole gumba chake pale nilipokwangua. Kidole hicho lazima niwaeleze. Mkanda wa feni ulikuwa umekipasua zamani, kikapona vibaya, na katikati yake kulikuwa na mfereji uliotoka kwenye ukucha hadi kwenye kiungo, kwa hiyo alama yake ilikuwa ya pande mbili. Hakukuwa na kidole kingine cha namna hiyo kuanzia Bujumbura hadi Nyanza-Lac.

“Umechimba mutaro hapa, mwanangu,” alisema. “Mafuta itapita hapa mpaka siku ya kiyama.”

Tangu siku hiyo nakwangua kwa kijiti cha mti, na nyinyi mnanicheka. Endeleeni kucheka, lakini kifuniko cha aluminiamu kikishakwaruzwa hakuna gundi itakayokusamehe.

Mengi ninayoyajua kuhusu kuvuja kwa mafuta niliyapata pale. Mteja akija kusema injini imekufa kwa sababu anaona moshi, msimwamini, na msiharakishe kushusha injini. Mara nyingi ni gasketi ya kifuniko cha valvu tu imekauka na kuwa ngumu. Mafuta yanachungulia pembeni, yanateremka polepole, yanafika pale bomba la moshi linapoanzia, yanaungua, na dereva ananusa kifo. Safisheni kwanza. Washeni injini, subirini, mulikeni na tochi, mwone unyevu wa kwanza unatokea wapi. Tazameni na bomba dogo la kupumulia, maana likiziba, injini inasukuma mafuta nje hata kama gasketi ni mpya. Chungulieni mashimo ya plagi. Na mkifunga, anzeni na bolti za kati, mzunguke kuelekea pembeni, kwa nguvu ileile mnayofungia kizibo cha chupa ya dawa. Wanaovunja bolti hizi ni wale wanaotaka kuonyesha misuli.

Rajabu alikuwa na mambo yake matatu ambayo hamtayapata kwa fundi mwingine. La kwanza ni mawese. Ukigeuza kifuniko ili ukiweke, gasketi huanguka kutoka kwenye mfereji wake, na mafundi wengine huishikiza kwa grisi. Yeye alitumia mawese yaliyoganda, kwa sababu Minago grisi ilikuwa adimu na mawese yalikuwa kila nyumba. Yalishika vizuri. Shida yake ni kwamba injini ikipata moto, mawese yalikaangika, na gari alilolifunga Rajabu lilinuka jikoni siku nzima. Watu walisikia harufu ile barabarani wakasema, “Huyo ametoka kwa Rajabu.” Wengine walisikia njaa.

La pili ni kidole. Kwenye kona ya nyuma ya kifuniko, ambako kuna nusu duara na ndiko kila injini hupenda kuvujia, alipaka gundi ya silikoni kisha akaibonyeza kwa kidole gumba. Alama ya pande mbili ilibaki pale. Kona ile haikuvuja kamwe.

La tatu ni bolti ya kati, na hilo ndilo limenifanya niandike. Ilikuwa sheria ya gereji yetu kwamba fundi akilazimika kumwachia mwenzake kazi, kwa safari, kwa ugonjwa au kwa msiba, anafunga bolti zote isipokuwa ile ya kati kabisa. Hiyo anaizungusha kwa vidole tu. Anayekuja baadaye akiikuta hivyo anajua kwamba ameachiwa, na akishaikaza kwa spana, gari ni lake: lawama zake, sifa zake na mteja wake. Wa kwanza haruhusiwi tena kulishika. Na ukikuta ya kati imekazwa, usiguse, hiyo kazi ina mwenyewe. Tuliiheshimu sheria hiyo kuliko mkataba wowote wenye muhuri.

Rajabu alikuwa na mke, Mwajuma, aliyekuwa akiuza mawese sokoni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na jioni alikuwa akija kumchukua mumewe kwa sababu Rajabu akiwa na injini wazi mbele yake alisahau kwamba ana nyumba. Nilimwita shemeji. Nasema hivi mapema ili asiwepo wa kufikiri vingine.

Siku moja mfanyabiashara wa ng’ambo ya ziwa, upande wa Kongo, alimwita Rajabu akamtengenezee lori. Aliondoka asubuhi na mvuvi mmoja. Alibeba spana zake zimefungwa kwenye kitambaa na kopo dogo la mawese. Lori la sukari lilikuwa limebaki nusu kwenye gereji, na aliponiaga hakusema neno juu yake. Baadaye nilishika ile bolti ya kati. Ilikuwa imekazwa. Maana yake alitegemea kurudi.

Boti ilionekana imepinduka, mbele kidogo ya Minago. Mvuvi alipatikana amekufa. Rajabu hakupatikana. Tulitafuta, tukauliza ng’ambo, wakasema hakufika. Tulimswalia bila mwili. Lile lori nililimaliza mimi, ingawa ya kati ilikuwa imekazwa na nililazimika kuifungua. Kwa sheria yetu nilikuwa nimeingia kazi ya mtu.

Mwajuma alikaa miaka mingi. Alikataa wachumba waliokuja na magari na waliokuja kwa miguu. Mimi niliendelea na gereji, nikimpelekea sehemu yake kila Ijumaa, tunaongea mlangoni, narudi. Ikafika siku akaniambia nisisimame mlangoni. Tulikwenda kwa shehe, akauliza yote anayopaswa kuuliza, akasema ndoa inafaa. Kisha akaongeza neno ambalo sijawahi kulisahau: kama Rajabu atatokea yu hai, shauri litakuwa la Rajabu. Akimtaka mkewe, atamrudia. Nilikubali. Nilimpenda Mwajuma na bado nampenda, lakini niliishi kila siku kama mpangaji asiyejua mwenye nyumba atarudi lini.

Kisha ziwa likaanza kupanda. Nyinyi mliona wenyewe, miaka hii ya karibuni, jinsi maji yalivyokula nyumba za pwani. Kule Minago halikuja kwa kishindo. Siku moja maji ya shimoni hayakuchoteka, tukachota tangu asubuhi hadi adhuhuri, yakabaki palepale. Wiki zilizofuata yalitoka shimoni yakatambaa sakafuni. Nilihamisha vyombo, nikaja kufungua hapa mjini. Mabati ya gereji ya Rajabu mpaka leo yanaonekana juu ya maji ukipita barabarani, na ndege wanayakalia.

Sasa nafika mwaka jana, kwenye lile gari la Ezekieli. Mnalikumbuka: la Kijapani, milango miwili, la chini kama limechuchumaa, silinda sita na turbo, lililokuwa gari la vijana wa mbio zamani hizo. Ezekieli ni muuzaji wa mawese, amezaliwa na kukulia Tanzania kwenye ukimbizi, na anasema alilitamani gari la aina hiyo tangu alipoliona kwenye kalenda ukutani kwa mwalimu wake. Akalipata Kigoma, na akalileta kwenye barabara yetu yenye mashimo ambamo mbuzi wanaweza kunywa maji. Kila mtu ana wazimu wake.

Nyinyi mlikuwa mmekwenda kula. Aliposimama mlangoni nilisikia harufu kabla hajazima injini.

“Shikamoo, fundi,” alisema. “Gari linanuka kama mama yangu anakaanga samaki.”

Niliitikia marahaba, nikasogeza pua kwenye boneti. Mnajua soko liko karibu na mji mzima unanuka mawese. Hii haikuwa hiyo. Ilikuwa mawese yaliyoungua juu ya chuma, yamechanganyika na mafuta ya injini. Tangu Rajabu apotee hakuna aliyefunga hivyo. Mimi mwenyewe niliacha, kwa sababu Mwajuma hakuweza kuivumilia harufu ile.

“Nani amefungua hapa?” nikamuuliza.

Ezekieli alianza kueleza, na yeye akieleza haachi kitu. Alikuwa anatoka Bujumbura mchana ule. Alishapita Gitaza bila shida, akanunua ndagala, dagaa wetu wa ziwani, akaendelea. Alipokaribia Minago moshi ukajaa ndani ya gari, akasimama pale ambapo ziwa limekula nyumba. Ilikuwa saa ya jua kali, barabara tupu, hata baiskeli hakuna. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Akafungua boneti akakaa kando kuogopa moto. Hapo akaja mzee.

“Alitoka upande gani?”

“Upande wa chini, fundi. Kule kwenye mabati. Suruali ilikuwa imelowa mpaka magotini, nikadhani ni mvuvi. Hakunisalimia. Alitazama injini, akatoa spana mfukoni. Hiyo spana ilikuwa inachuruzika maji. Akafungua kifuniko, akapangusa, akapaka kitu kutoka kwenye kopo, akarudisha. Mikono yake ilikuwa myepesi, sijawahi kuona.”

“Hakusema kitu?”

“Aliuliza mara moja tu. Alikuwa anafunga, amefika karibu na mwisho, akasema, ‘Pale Rumonge iko nani anafunga magari sasa?’ Nikamwambia ni Fundi Sadi. Akauliza, ‘Sadi gani?’ Nikasema Sadi mume wa Bi Mwajuma, yule mama wa mawese ninayemuuzia. Basi akasimama kidogo. Alitazama ziwa. Kisha akarudisha spana mfukoni, akafunga boneti, akateremka kulekule alikotoka. Nilitaka kumpa chochote, nikainama kuchukua pochi, nilipoinua kichwa hayupo.”

Nilimwambia aniachie gari arudi kesho. Alipoondoka nilikaa juu ya tairi. Niliogopa, na sioni haya kusema. Sikuogopa mzimu. Niliogopa kwamba huenda si mzimu. Mzimu hauna haki ya kudai mke.

Nilipopata nguvu nilifungua boneti. Juu yake kulikuwa na alama za maji, matone yaliyokauka yakaacha chumvichumvi nyeupe kama vile yanavyoacha maji ya ziwa kwenye miguu ya wavuvi. Nilipangusa masizi kwenye kona ya nyuma kwa kitambaa chenye petroli kidogo, nikamulika. Gundi ilikuwa mpya, nyekundu. Katikati yake kulikuwa na alama ya kidole gumba, ya pande mbili, na mfereji katikati.

Kona ile ilikuwa kavu. Mafuta yalikuwa yanatoka sehemu nyingine, juu, katikati, yakizunguka mashimo ya plagi na kuteremka hadi kwenye bomba. Nilipitisha mkono kwenye bolti moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa zimekazwa sawasawa, kwa nguvu ya kizibo cha chupa ya dawa. Nilipofika ya kati, ikazunguka chini ya vidole vyangu.

Sikuikaza. Niliomba pikipiki ya jirani nikaenda Minago jua likiwa bado juu. Niliegesha pale barabarani penye mabati. Mama mmoja alikuwa anaanika ndagala kwenye mchanga uliobaki, nikamsalimia, nikamuuliza kama kuna mzee anakaa sehemu ile, fundi, mwenye kidole kilichopasuka.

“Hapa hakuna muzee,” alisema bila kuinua macho. “Iko maji tu.”

“Leo mchana hukumuona mtu aliyesimama na gari barabarani?”

“Gari niliiona. Mwenye gari alikuwa peke yake, anaongea.”

Niliteremka hadi maji yaliponigusa viatu. Ziwa lilikuwa safi, nikaona sakafu yetu ya saruji, na kwenye sakafu ule mraba mweusi wa shimo. Kutoka shimoni mafuta yalikuwa yanapanda, tone moja, halafu jingine, yanafunguka juu ya maji kwa rangi zote. Nilijiambia kwamba ni mafuta ya miaka mingi, yaliyonywewa na saruji. Nilimwita kwa jina, mara moja, kwa sauti ya kawaida kama tulivyoitana kazini. Mama wa ndagala akakusanya vitu vyake akaondoka.

Njiani kurudi niliamua nisimwambie Mwajuma. Ningekaza ile bolti, ningebandua ile gundi, gari lingeondoka na mambo yangeisha. Nilikuwa nimeshapanga hata nitakavyokaa mezani na sura ya kawaida. Nilipofika nyumbani alikuwa anapanga chupa zake za mawese uani. Alipokea ovaroli kama kila siku, akaisogeza puani.

Anauza mawese tangu ujana wake. Anaweza kukuambia yametoka kilima gani. Harufu niliyokuja nayo ile haikuwa ya sokoni.

“Fundi,” alisema, maana mpaka leo haniiti kwa jina, “leo umeshika gari ya nani?”

“Ya Ezekieli.”

“Mimi siulizi ya nani alileta. Niko nauliza nani alifunga.”

Nikamweleza yote. Hakulia. Aliketi kwenye kigoda, ovaroli mapajani, akasikiliza hadi nilipofika kwenye ile bolti iliyozunguka chini ya vidole. Hapo akaniuliza kama nimeikaza. Nikasema hapana.

“Vizuri,” alisema. “Kesho nitakuja.”

Alikuja asubuhi, nyinyi mkiwa mmekwenda kuvuta lile basi dogo lililokwama njia ya Nyanza-Lac. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri, cha sherehe. Nilimulika kona ya nyuma. Alisogea, akatazama kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole gumba chake ndani ya ile alama. Kilipotea humo. Nilisimama na tochi na sikuwahi kuchukia kushika tochi kama siku hiyo, kwa sababu nilijua kwamba neno lolote litakalotoka kinywani mwake ndilo litakuwa maisha yangu.

“Alikuwa anajua iko mimi na wewe?” aliuliza.

“Ezekieli alimwambia. Alikuwa anakaza. Aliposikia, akaacha.”

“Akaacha ya kati.”

“Ndiyo.”

Alitoa kidole. Kilikuwa kimepata wekundu wa gundi kidogo, akakifuta kwenye kitenge chake kizuri bila kujali.

“Kama iko hai, amesema,” akasema. “Kama alikufa, amesema. Mimi nilingoja aseme, miaka yote ile. Kaza, fundi.”

Nilikaza. Spana ya kumi, mkono mwepesi, mpaka ikakataa. Niliketi chini nikalia mbele ya mke wangu, na yeye akanisubiri nimalize. Kisha akaenda sokoni kwa sababu siku ile ilikuwa siku ya wateja wa Bujumbura. Gundi sikuibandua. Gari la Ezekieli linapita mpaka leo, halina tone, na kona yake ya nyuma ina kidole cha mtu.

Mlishaniuliza kwa nini mwaka huu wa mwisho nilikuwa nashika bolti ya kati ya kila gari lililotoka njia ya Minago, hata kabla sijasalimia. Hilo ndilo jibu. Nilitaka kujua kama kuna aliyebadilisha mawazo. Zote zilikuwa kama walivyoziacha mafundi wao, nyingine vibaya.

Siku yangu ya mwisho nilifunga lile pikapu jeupe. Gasketi mpya, kijiti cha mti, na kwa sababu nilikuwa naaga nilitumia mawese kidogo, mkanitania kwamba nimekuja na chakula. Nilifunga zote, nikaacha ya kati kwa vidole. Sikuwaambia. Nilitaka mmoja wenu aikute, aikaze, gereji iwe yenu kwa sheria ya Rajabu na si kwa karatasi tu. Tukafunga mlango pamoja, nikawapa funguo, mkanisindikiza.

Asubuhi mlinipigia simu mkifurahi kwamba pikapu limewashwa na halivuji. Nilikuja mbio, mkashangaa. Niligusa ya kati: imekazwa, mkono mwepesi. Nikawauliza, kila mmoja akasema si yeye, hata hamkujua kwamba ilikuwa imelegea. Juu ya boneti kulikuwa na maji. Mlisema paa linavuja, na mimi sikutaka kuwakumbusha kwamba ni kiangazi. Tochi ilikuwa mkononi mwangu, lakini kona ya nyuma sikuimulika, na nawaomba nanyi msiimulike.

Huenda mmoja wenu aliikaza bila kufikiri, kama tunavyojikuna. Huenda ameogopa kusema kwa kuwa alidhani nitakasirika. Kama ni hivyo, nitafurahi kuliko siku zote za kazi yangu. Lakini sheria mnaijua sasa: anayekaza ya kati ndiye mwenye kazi, na aliyeiacha haruhusiwi tena kuigusa. Ninataka kujua nimemwachia nani.

Nimemweleza Mwajuma. Amesema Ijumaa baada ya swala atapika ndagala kwa mawese, na aliyekaza aje ale. Ameshatoa sahani tatu kabatini, yake, yangu na ya mgeni. Nikamuuliza, na kama kati ya vijana hakuna atakayekuja? Alikuwa anafuta ile ya tatu kwa upande wa kitenge chake kizuri. Akasema nisiufunge mlango wa upande wa ziwa.